Jinsi ya kumwombea mtoto nafasi ya shule ya msingi Uingereza ukiwa bado Kisumu

Mama watoto alipopata kazi ya unesi Uingereza na kututangulia, mimi nilibaki Migosi na watoto wawili na kazi moja: kutafuta shule. Nikafanya kama alivyofanya baba yangu enzi zetu. Nilichagua shule yenye sifa, nikamwandikia mwalimu mkuu barua ya heshima, nikaambatanisha ripoti za watoto, nikangoja kuitwa. Jibu lilikuja kesho yake, mistari mitatu: hatupokei maombi hapa, peleka kwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Wakati huo tulikuwa tumeshalipia nyumba karibu na shule hiyo, na kumbe darasa la mkubwa lilikuwa limejaa. Alikaa nyumbani wiki sita akitazama mvua dirishani.

Kwa hivyo nitaanza na jambo ambalo sikuambiwa. Kule, shule ya serikali haimpimi mtoto kwa mtihani wala mzazi kwa mfuko. Mara nyingi inapima umbali kati ya mlango wako na lango lake. Shule na nyumba zinatafutwa pamoja, na swali la kwanza kabisa ni kama kuna nafasi.

Haya ni ya England tu, na ya shule za serikali, ambazo hazina karo. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kabla ya yote: watoto wanaruhusiwa kwenda?

Nesi mwenye viza ya kazi ya afya anaweza kwenda na mwenzi wake na watoto. Wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani walifungiwa mlango huo tarehe 11 Machi 2024. Kama ajenti wako anasema vinginevyo, mwombe akuonyeshe ilikoandikwa.

Viza yenu itakuwa na sharti kwamba hamruhusiwi kutumia fedha za umma. Sentensi hiyo iliniogopesha sana, nikadhani shule nayo imo. Haimo. Shule ya serikali haihesabiwi kuwa fedha za umma kwa maana hiyo, na shule haina ruhusa ya kumkatalia mtoto kwa sababu ya uraia au viza yake.

Hatua ya 1: jua darasa lake

Usitafsiri gredi. Hesabu miaka. Chukua umri atakaokuwa nao mtoto tarehe 31 Agosti kabla mwaka wa shule haujaanza, toa nne. Mwenye miaka 8 anaingia Mwaka wa 4, mwenye 6 anaingia Mwaka wa 2, na mwenye 4 anaanza darasa linaloitwa Reception. Mwaka wao unaanza Septemba na kuisha Julai, kwa hiyo mtoto anayefunga shule hapa mwisho wa mwaka na kusafiri Desemba anaingia katikati ya mwaka. Hakuna kurudia darasa kwa sababu ametoka mbali. Mkubwa wangu alitoka Gredi ya 3 akaketi Mwaka wa 4, ambako mwezi wa Juni watoto wote hupimwa jedwali la kuzidisha hadi 12 mara 12: maswali 25, sekunde sita kila moja. Hilo unaweza kuanza kumfunza leo, sebuleni, bila viza.

Hatua ya 2: uliza nafasi kabla ya kulipia nyumba

Hapa ndipo penye kazi. Kila nyumba kule ina posta kodi, mchanganyiko wa herufi na namba. Ukiiandika kwenye tovuti ya serikali, itakuambia kaunsili yako ni ipi. Sehemu nyingine zina kaunsili mbili, ya wilaya na ya kaunti, na mambo ya shule yako kwa ile ya kaunti. Ingia kwenye tovuti yake, tafuta ukurasa wa maombi ya katikati ya mwaka. Utaratibu haufanani kila mahali. Kuna kaunsili zinazopokea maombi ya shule zote, na kuna zinazokuelekeza uombe shuleni moja kwa moja.

Kisha iandikie barua pepe ofisi ya udahili. Taja Mwaka wa kila mtoto na mtaa mnaofikiria, uulize ni shule zipi zina nafasi sasa. Si kuomba hisani. Sheria inawataka wakujibu ukiuliza. Ukitaka kupiga simu, kumbuka saa tatu asubuhi yao ni saa sita mchana yetu wakati wao wa baridi, na saa tano wakati wa kiangazi. Mimi nilipiga mara mbili saa mbili asubuhi ya Kisumu na kushangaa kwa nini Wazungu hawapokei simu.

Ukiwa na watoto wawili, uliza pia kama kuna shule yenye nafasi zote mbili. Usifikiri kaka na dada watawekwa pamoja kwa sababu ni ndugu. Ndugu aliyeko shuleni tayari humpa mwenzake kipaumbele katika shule nyingi, lakini wakifika pamoja hakuna aliyetangulia. Namfahamu mama mmoja kutoka Kakamega aliyekuwa akikimbia kila asubuhi kati ya shule mbili, moja kila upande wa barabara kuu.

Reception, Mwaka wa 1 na wa 2 ndiyo madarasa magumu, kwa sababu sheria inazuia mwalimu mmoja kuwa na zaidi ya watoto 30. Kuanzia Mwaka wa 3 kuna upenyo kidogo.

Hatua ya 3: pima shule kwa maisha yenu

Wengi hukimbilia ripoti za wakaguzi wa Ofsted. Zisome, lakini angalia tarehe, kwani nyingine ni za miaka mingi iliyopita. Zile alama za neno moja kwa shule nzima, ambazo mawakala wa nyumba walipenda kuzitangaza, ziliondolewa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 ripoti mpya inapima maeneo mbalimbali, kila moja peke yake. Soma maelezo, hasa ya mahudhurio na nidhamu.

Kwangu mimi, swali zito kuliko Ofsted ni hili: nani atampeleka na nani atamchukua? Masomo huanza karibu saa tatu kasorobo na kwisha kama saa tisa na robo. Zamu ya nesi inaweza kuanza saa moja asubuhi na kuisha saa moja na nusu usiku. Hakuna boda wa kumpa mtoto na begi lake, hakuna jirani wa kumwambia "niangalizie huyu." Uliza kama shule ina klabu ya asubuhi yenye kifungua kinywa na klabu ya jioni, zinafungwa saa ngapi, zinalipisha kiasi gani, na kama zina nafasi, maana nazo hujaa. Shule ya kawaida yenye klabu hadi saa kumi na mbili ilitufaa kuliko ile yenye sifa isiyokuwa na klabu.

Usafiri wa bure upo, ila kwa anayesoma shule inayofaa iliyo karibu zaidi nawe na bado iko mbali: zaidi ya maili 2, yaani kilomita 3.2, kwa mtoto wa chini ya miaka 8, na zaidi ya maili 3 kuanzia miaka 8. Chakula cha mchana ni bure kwa wote wa Reception, Mwaka wa 1 na wa 2.

Hatua ya 4: karatasi za kubeba

Cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Hakikisha majina yanalingana herufi kwa herufi. Kwetu Nyanza hili ni donda: shuleni mtoto ni Otieno, kwenye cheti ni Omondi jina la baba, na kadi ya chanjo ina jina la nyanya. Nyoosha mambo hapa hapa, kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu baada ya hapo kila kosa lina nauli.

Beba pia ripoti za mihula ya karibuni, barua ya kuondoka shuleni, na kijitabu cha kliniki kwa ajili ya daktari wa mtaa wenu mpya. Na cheti cha ubatizo. Usicheke. Shule nyingi za Kikatoliki, na baadhi za Kianglikana, hutanguliza watoto wa dini yao, na zina fomu ya ziada ya kuthibitisha. Kukipata kutoka parokia ukiwa Kisumu ni safari ya asubuhi moja.

Kinachobaki ni ushahidi wa makazi, kwa kawaida mkataba wa nyumba uliotiwa sahihi. Kaunsili nyingi hazitampa mtoto nafasi kabla hajafika na kuishi hapo, kwa hiyo kamilisha fomu na karatasi zote mapema, na uulize ni lini hasa wataipokea.

Hatua ya 5: kujaza na kungoja

Fomu ni ya mtandaoni. Andika shule kadhaa kwa mpangilio unaoutaka, na ujaze mistari yote; kuandika shule moja tu hakuwalazimishi kukupa hiyo. Wakiuliza lugha ya nyumbani, sema ukweli, Kijaluo au Kiswahili. Hakumharibii mtoto chochote.

Jibu la maandishi linapaswa kufika ndani ya siku 15 za shule, na Jumamosi, Jumapili na likizo hazihesabiwi. Wakikukatalia, wanatakiwa kukueleza sababu na haki yako ya kukata rufaa kwa jopo huru, ambalo husikiliza ndani ya siku 30 za shule. Omba uwekwe kwenye orodha ya kungoja pia, huku mtoto akianza shule waliyokupa. Orodha hiyo si foleni ya matatu pale stendi. Inapangwa kwa vigezo, si kwa aliyefika mwanzo, kwa hiyo familia iliyohamia jana ikikaa karibu zaidi inaweza kukupita.

Kama mtoto anaingia Mwaka wa 6, ambao ndio wa mwisho wa shule ya msingi, una fomu ya pili. Maombi ya sekondari hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka huo wa shule na majibu hutoka 1 Machi. Mkitua Novemba, omba fomu ya waliochelewa siku ile ile mnayoomba ya msingi.