Laptopu haiwaki? Toa mafaili kwanza, ukarabati baadaye

Laptopu inapogoma kuwaka, mara nyingi mafaili bado yapo mazima ndani ya diski. Kinachoyaangamiza ni papara inayofuata: kupiga Windows upya kabla ya kutoa nakala, au kuwasha na kuzima tena na tena diski ambayo tayari inakufa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka hatua, hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Tazama na usikilize

Hakuna taa, hakuna feni? Tatizo ni umeme, si diski. Jaribu chaja nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua za ile ya kwanza. Ikigoma, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake uwashe. Hatua hiyo huondoa umeme uliobaki kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), ambao wakati mwingine ndio unaoizuia kuwaka.

Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi? Mulika skrini kwa tochi kiubavu. Ukiona maandishi kwa mbali, ni taa ya nyuma ya skrini iliyokufa. Chomeka TV kwa waya wa HDMI uendelee kunakili. Usipoona kitu, shuku RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda). Fungua kifuniko, tenganisha betri, chomoa RAM, futa meno yake kwa raba ya penseli, kisha ijaribu mojamoja katika kila nafasi.

Diski inagonga tik-tik au inakwaruza? Zima sasa hivi. Kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila unapowasha kinaweza kukwangua sahani zenye data. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Kama mafaili hayo ni ya thamani, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data bila kuijaribu tena.

Hatua ya 2: Ingia BIOS

BIOS ni mipangilio ya msingi inayotangulia Windows. Washa huku ukigonga kitufe chake: Dell, Acer na Asus ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Tafuta jina la diski. Ikiwa haipo, zima, tenganisha betri, chomoa diski na uirudishe ikae sawasawa. Kebo bapa ya SATA (inayounganisha diski) hulegea sana kwenye laptopu iliyowahi kuanguka.

Diski ikiwa inaonekana, tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CMOS (inayotunza saa na mipangilio ya BIOS) imekwisha, na BIOS imerudia mipangilio ya kiwandani. Hapa ndipo watu wanapofomati bure, hasa kwenye laptopu za mtumba. Mpangilio wa SATA (jinsi mashine inavyoongea na diski) ukihama kutoka AHCI kwenda RAID, au kinyume chake, Windows hutoa skrini ya bluu yenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". UEFI (njia mpya ya kuwasha) ikigeuka Legacy (ya zamani), unapata "No bootable device". Diski ni nzima na Windows ni nzima; kinachotakiwa ni kurudisha mpangilio wa awali na kununua betri mpya, ambayo mara nyingi ni CR2032. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kugusa, na ubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Toa mafaili

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, diski ya nje yenye nafasi, na kompyuta nyingine ya kuandalia flashi. Pakua Ubuntu (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi), iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus (vilivyomo kwenye flashi vitafutika), kisha fungua menyu ya kuchagua kifaa: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Chagua kuijaribu Ubuntu, kamwe usichague kuisakinisha.

Fungua diski ya Windows, ingia Users, nakili folda yako yote. Usichukue Desktop na Documents tu. Data za vivinjari na barua pepe hukaa ndani ya AppData, ambayo imefichwa. Bonyeza Ctrl+H uione. Diski ya nje yenye muundo wa FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4, hivyo tumia exFAT au NTFS.

Ubuntu ikikataa kuifungua diski kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri, usilazimishe. Isome tu bila kuiandikia. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), jua jina lake kwa `lsblk -f`, halafu andika hivi, ukiweka jina hilo badala ya sda3:

`sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/sda3 /mnt`

Kunakili kukikwama kwama, diski ina sehemu mbovu. Acha kunakili kwa mkono. Sakinisha gddrescue (programu ya kuchota data kwenye diski mbovu; amri yake ni ddrescue), ingia kwa Terminal kwenye diski ya nje yenye nafasi inayozidi ukubwa wa diski nzima mbovu, na uendeshe:

`sudo ddrescue -n /dev/sda diski.img diski.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map`

Amri ya kwanza huchota sehemu nzuri. Ya pili hurudia zile ngumu mara tatu. Faili la map hukumbuka ulipofika, kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Hakikisha majina ya diski mara mbili, kwani ukikosea hapa unanakili diski isiyo sahihi.

Hatua ya 4: Sasa gusa Windows

Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, chagua Repair, jaribu Startup Repair. Ikishindwa, fungua Command Prompt, tumia `diskpart` kuipa herufi S ile sehemu ndogo ya FAT32, kisha:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Thibitisha kwanza kwa `dir C:\` kwamba Windows iko hapo, maana herufi hubadilika. `chkdsk /f` nayo ni ya baada ya nakala tu, kwani huandika kwenye diski na huweza kuimaliza iliyo dhaifu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, diski inadai ufunguo wa BitLocker na sikumbuki kuuweka.*
BitLocker ni kufuli la Windows, nayo hufunga diski yenyewe kwenye laptopu nyingi mpya. Ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute ufunguo wa tarakimu 48. Kama laptopu ni ya ofisi, waulize watu wa TEHAMA. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua.

*Fundi anasema afomati, halafu mafaili atayarudisha kwa programu. Nimkubalie?*
Hapana, ndugu. Kwenye SSD (diski isiyo na sahani za kuzunguka), kufomati huambatana na TRIM (amri ya kusafisha nafasi zilizofutwa), na yaliyofutwa hayarudi. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka kuna nafasi, ila majina na folda huweza kupotea.

*Nataka kuchomoa M.2 niisome kwa kasha la USB. Ninunue lipi?*
Soma lebo ya diski kwanza. M.2 (SSD ndogo bapa) ni za aina mbili: NVMe kwa kawaida ina pengo moja kwenye meno, SATA ina mawili. Kasha la SATA haliisomi NVMe hata ikiingia.

*MacBook ya M1 imemwagikiwa chai. Je, nitoe diski?*
Haitoki, imeunganishwa kwenye mazabodi na data zimefungwa kwa chipu yake. Usiiwashe wala kuichaji. Tafuta fundi wa mazabodi, kwa sababu data zitapatikana tu ikiwaka.