Nilikuwa nasubiri ile ya kelele: namna ya kufundisha watoto utii bila kupasua koo

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku moja nilimwambia kijana wangu wa kati aokote vitu vyake sebuleni, nikasema, nikasema tena, nikaenda jikoni nikarudi nikasema, mara ya tano au ya sita hivi nikapandisha sauti mpaka koo likawasha, ndo akainuka, akaokota vyote ndani ya dakika 2, kimya, bila kununa wala nini. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukufanya nilipokwambia mara ya kwanza? Akaniangalia kwa utulivu kabisa akasema, "Mama si nilikuwa nasubiri ile yenyewe." Ipi? "Ile ya kelele."

Nilikaa chini jamani. Mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa mwanafunzi mzuri tu, mwalimu ndo mimi, nimemfundisha miaka yote hiyo kwamba zile tano za mwanzo ni matangazo na ya sita ndo agizo. Na mi huyo huyo kila jioni namuombea "Bwana mpe mwanangu moyo wa utii." Bwana ampe wapi na mimi ndo nampa somo lingine kila siku asubuhi mpaka usiku.

Kwa hiyo kina mama wenzangu, haya naandika nikiwa nimeshafeli kwanza. Chukua kinachokufaa.

Cha kwanza kabisa punguza maagizo. Chukua karatasi, siku moja tu, kila ukitoa amri piga mstari mmoja. Mi karatasi yangu ilijaa kabla ya saa sita mchana, njoo hapa, acha hiyo, kaa vizuri, usikimbie, nani kaacha hii, funga mlango, nimesema usikimbie. Hakuna mtu mzima angevumilia bosi wa hivyo. Nusu ya yale sikuwa hata namaanisha, ilikuwa mdomo tu umezoea. Toa yale ambayo huko tayari kuyasimamia mpaka mwisho, yabaki machache, na hayo machache yawe ya kweli.

Halafu tofautisha ombi na agizo. Ukisema "unaweza kunisaidia kukunja nguo?" hilo ni swali na mtoto akijibu hapana amejibu swali, usimkasirikie. Kama ni agizo sema kama agizo, kwa upole lakini bila alama ya kuuliza: "Mwanangu, kunja hizi nguo kabla ya kuoga." Na kama ana kitu anafanya mpe taarifa mapema, dakika 5 tunazima, watoto nao wana shughuli zao hata kama kwetu tunaona ni upuuzi.

Tatu, na hii ndo iliyobadilisha nyumba yangu kuliko zote, acha kuagiza ukiwa chumba kingine. Nenda mpaka alipo. Mwite jina. Subiri akuangalie. Sema mara moja. Halafu, hapa ndo pagumu, usiondoke na usiongeze neno, simama tu hapo. Ule ukimya unafanya kazi ambayo kelele zangu hazikuwahi kufanya. Sisi kwenye Kiswahili tukitaka kusema mtoto hatii tunasema "huyu mtoto hasikii", sio kwamba masikio yameziba, kusikia kwetu maana yake ni kuinuka. Ukisoma 1 Samweli sura ya 3 watu wengi wanahubiri pale kuhusu sauti ya Mungu, sawa, lakini mi kama mama naona kwanza kitoto Samweli kinachoamshwa usiku mara 3, na mara zote 3 kinakwenda kwa mzee Eli, kuhani aliyekuwa anamlea, kusema mimi hapa, umeniita. Hakuna kununa hakuna "mama nimechoka". Na kabla ya hapo, sura ya 2, kuna Hana, mama yake Samweli, anayemletea kanzu ndogo mwaka hadi mwaka. Mi huwa nawaza ile kanzu, kila mwaka lazima ashone kubwa kidogo na hamuoni mtoto kila siku, anakisia tu urefu.

Sasa Eli huyo huyo ndo somo langu la nne. Wanawe walikuwa wanafanya mabaya hekaluni na Eli aliwakemea, soma vizuri, aliongea nao, maneno mazito kabisa. Kosa alilohesabiwa ni kwamba hakuwazuia. Aliongea akaishia hapo. Nikasoma nikasema ee Bwana huyu ni mimi. Kwa hiyo kama umesema kitu na hakikufanyika, fanya kitu kimoja, kidogo, saa hiyo hiyo, kinachohusiana na kosa. Hujaokota vitu vyako, vitu vinakaa juu ya kabati mpaka kesho, basi. Usitoe hukumu za hasira, "hutacheza mwezi mzima", maana siku ya pili utachoka wewe utamruhusu, na hapo umemfundisha tena kwamba maneno ya mama ni upepo. Hukumu ndogo inayotimizwa inazidi kubwa inayosahaulika.

Kwenye uongo kuna kitu nilijifunza kwa Susanna Wesley, mama yake John na Charles Wesley, wale walioanzisha Umethodisti, yule mama wa Uingereza aliyezaliwa 1669. Alizaa watoto 19, tisa wakafariki wakiwa wachanga. Mwaka 1732 alimwandikia John barua ya namna alivyowalea, na moja ya kanuni zake ilikuwa hivi, mtoto aliyekosa akikiri mwenyewe na kuahidi kujirekebisha hapigwi. Aliona watoto wengi wanadanganya kwa sababu wanaogopa kipigo. Na kosa likishamalizwa halirudishwi tena kumsimanga nalo. Hilo la pili ndo mi lilinichoma, maana mi nilikuwa na faili la kila mtoto kichwani, ukikosea leo nakutajia na ya mwaka juzi. Sikubaliani naye kwenye kila kitu, alikuwa anaamini utashi wa mtoto uvunjwe mapema kabisa, huko mi siko naye, utashi wa mtoto utamsaidia siku moja akiwa mbali nami na wenzake wanamwambia twende. Lakini kanuni ya kukiri niliichukua. Wiki ile ile kitinda mimba wangu akaja mwenyewe amebeba vipande vya kikombe kwenye nguo yake, anatetemeka, "Mama nimevunja." Zamani angevificha nyuma ya pazia na mi ningevikanyaga.

Kingine, usimtumie Mungu kama fimbo. "Mungu atakuchapa", "Yesu hapendi watoto wasiokula", tunasema haraka haraka ili tupate utulivu wa dakika 10, lakini mtoto anakua na Mungu mwenye sura ya mama akiwa amekasirika. Ukitaka kuadhibu adhibu wewe kwa jina lako. Waefeso 6 tunaipenda mstari wa 1, watoto watiini wazazi wenu katika Bwana, tunaiandika mpaka ukutani, mstari wa 4 unaosema msiwachokoze watoto tunauruka. Umeandikwa kwa kina baba, najua, ila tusijifiche hapo.

Haya sasa nifike mahali penyewe. Watoto hawajifunzi utii kwenye maneno yetu, wanatuangalia sisi tunatii nani. Kipindi fulani mi na mume wangu tulikuwa hatuongei, siku 4. Kwa nje kila kitu sawa, tunasali, nakwenda kwaya, Ijumaa nakwenda mkesha. Ndani ya nyumba nilikuwa natuma watoto, "mwambie baba yako chakula tayari", na yeye amekaa pale pale anasikia, hatua 3. Mtoto anageuka anasema "baba, mama anasema chakula tayari." Nilijua kabisa rohoni Mungu ananiambia nenda kaongee na mume wako, nilijua tangu siku ya kwanza, na badala ya kufanya hicho kimoja nikaongeza maombi. Ndo mfalme Sauli huyo wa 1 Samweli 15. Aliambiwa kitu kimoja, aangamize Waamaleki na mifugo yao yote, akafanya nusu, akabakiza kondoo wazuri, halafu akasema ni za kutolea sadaka. Samweli akamuuliza, sasa hizi sauti za kondoo ninazozisikia ni nini? Kutii ni bora kuliko dhabihu. Kondoo wangu mi walikuwa wanalia sebuleni na watoto wote wanasikia.

Kwa hiyo hatua yenyewe ni hii, kabla ya kudai mtoto atii, jiulize kuna kitu gani kimoja unajua Mungu amekwambia ufanye na unakizungukia. Fanya hicho. Na ikibidi kuomba msamaha, omba mbele ya watoto kama kosa ulilifanya mbele yao. Mi nilirudi nikamwambia mume wangu mezani, "baba, nisamehe, nilikuwa najifanya sikuoni", watoto wakaacha kutafuna. Kumuomba mtoto msamaha nako, usiseme "samahani LAKINI na wewe ulizidi". Hiyo lakini inafuta kila kitu. Sema "nilikupigia kelele, nilikosea, nisamehe", nyamaza. Na hivi vitu vidogo navyo, mi nilikuwa kwenye simu nasema "nipo njiani nakaribia" huku natafuta kiatu uvunguni, kifungua mimba wangu kasimama mlangoni ananitazama. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Na mama aliye kwenye ndoa yenye vipigo, nisikupite, ule mstari wa Biblia wa wake kuwanyenyekea waume hautolewi kumfunika mtu anayekupiga. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza.

Kuhusu ibada ya nyumbani, watu wanaanza na moto mkubwa, saa nzima, wiki ya pili imekufa. Anza na dakika 10. Soma Marko, ndiyo Injili fupi kuliko zote, sura 16, na ina mwendo, Yesu hakai mahali pamoja watoto hawaboeki. Nusu sura inatosha. Msomaji awe mtoto anayejua kusoma, hata akikosea maneno mwache. Swali moja tu, "umeshangaa nini?", halafu kila mtu aombe sentensi moja ya kweli. Kwetu kuna mmoja aliombea mjusi aliyekatika mkia siku 3 mfululizo na hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Tulipofika sura ya 4, ile dhoruba, pale panaposema Yesu alikuwa amelala juu ya mto, kitinda mimba akakunja uso akauliza, "Alilala juu ya mto, sasa mto umefikaje baharini?" Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Kila tukisoma sasa lazima mtu aulize mto upi. Ibada iliyo na kicheko watoto wanaikumbusha wenyewe, "mama leo hatujasoma."

Kitu kimoja usikisahau kabisa, fundisha na mipaka ya utii. "Katika Bwana" ina maana yake, na Petro na wenzake kwenye Matendo 5:29 walisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mwambie mtoto wazi, mtu mzima yeyote, hata ndugu, hata wa kanisani, akikwambia ufanye kitu kibaya, au akuguse vibaya halafu akasema usimwambie mama, hapo usitii, kimbia uje uniambie na sitakukasirikia. Mfanyie mazoezi aseme hapana kwa sauti. Mtoto aliyefundishwa kutii kila mtu mzima bila swali yuko hatarini, na sisi wa makanisani tunalisema hili kidogo mno.

Walio na vijana wakubwa hapa sina mengi, natambaa bado. Kijana usimuagize kama wa miaka 5, kaa naye, msikilize mpaka amalize, mpe sababu. Na ujue hakuna fomula. Samweli yule yule aliyeitikia usiku, akakua na Mungu, wanawe walikula rushwa, sura ya 8 hiyo. Na Monica, mama Mkristo wa zamani, alimlilia mwanawe Augustine, aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa kanisa, miaka mingi, kijana akabatizwa 387 akiwa na miaka 32, na Monica akafariki mwaka huo huo. Nikiona mama anasemwa kanisani sababu ya mtoto wake wa miaka 25 huwa nanyamaza.

Mwisho la tahadhari, ukianza huu mtindo wa kusema mara moja, siku za kwanza mambo yatakuwa mabaya zaidi, watakupima waone kama umebadilika kweli au umetoka tu semina. Siku ya tatu au ya nne ndo wengi tunarudi kwenye kelele. Ukiona koo linaanza kupanda, kunywa maji kwanza, taratibu, glasi nzima. Halafu tembea mpaka alipo, mwite jina.