Bakuli la Supu Badala ya Chombo cha Maua: Namna ya Kupanga Maua Yafanane na Mchoro

Zitazame picha za maua walizochora Waholanzi wa karne ya 17 na 18. Hakuna ua lililosimama kama askari wa gwaride. Moja limekupa mgongo, jingine limeinama hadi mezani, na jani la pembeni lina tundu la mdudu. Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664 na kufariki 1750, alichora hivyo mpaka akapita miaka themanini. Kwa sisi wa Dodoma ni habari njema. Jua letu ni kali, upepo haupumziki na mvua ina msimu mmoja tu, kwa hiyo bustani zetu zimejaa vitu vilivyopinda, vilivyopauka na vilivyokauka. Mpambaji wa ukumbi angevitupa. Kwa kazi hii ndivyo tunavyovitafuta.

Hatua ya 1: Chombo

Fungua kabati la jikoni utafute kitu kifupi chenye mdomo mpana: bakuli la supu, birika lililopoteza mfuniko, sufuria ndogo iliyong'oka mkono, hotpoti isiyotunza tena joto. Chupa ndefu za juisi ziache, mdomo wake hubana mashina yote yakaelekea juu. Constance Spry, mpambaji maarufu wa Uingereza aliyefariki 1960, alipanga maua kwenye mabakuli ya mchuzi na trei za kuokea, na bado alipewa kazi za ikulu.

Jaza maji, weka chombo juu ya gazeti kavu, ulaze usiku. Kikivuja, tumbukiza kopo la plastiki ndani yake. Kama chombo chako ni kopo la maziwa ya unga, bandua karatasi uliache bati lilivyo. Najua wengi hulivisha kamba ya katani na lesi, lakini jicho huishia kwenye lesi, maua yakasahauliwa. Na chombo kilichoshika maua kisirudi kwenye chakula.

Hatua ya 2: Kishikilio

Nunua waya wa kuku kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nusu mita inatosha kwa mabakuli kadhaa. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kikunje kiwe mpira uliolegea, kisukume ndani ya bakuli mpaka kibane kuta. Pitisha selotepu mbili kwa msalaba juu ya mdomo kabla hujatia maji, maana ukingo ukilowa haishiki. Sponji ya kijani ya wapambaji siipendi: haiozi, na ukichomoa ua tundu linabaki, hivyo huwezi kubadili mawazo.

Njia ninayoipenda zaidi ni vijiti vya mzabibu. Mashamba ya Hombolo au Mpunguzi yakipogolewa, vijiti hubaki malundo. Chagua ambavyo bado vinapinda bila kukatika, uvizungushe ndani ya bakuli, mduara juu ya mduara, mpaka vijibane vyenyewe. Kimoja kiache kitokeze nje na kushuka upande. Hapo tayari una mstari wa kwanza wa picha. Kasoro yake ni moja: maji huchafuka mapema.

Hatua ya 3: Kukata na kunywesha

Kata alfajiri au jua likishazama, kwa kisu kikali, mshazari. Ng'oa majani yote yatakayokaa ndani ya maji, kisha tumbukiza mashina kwenye ndoo kivulini kwa saa tatu au zaidi. Na kama tawi ni la jirani, bisha hodi kwanza. Bogenvilia iliyomwagikia barabarani bado ina mwenyewe.

Bogenvilia ndiyo inayowasumbua watu, kwa sababu hunyauka kabla hujafika sebuleni. Shika kishada kimoja ukitazame kwa karibu: kile chekundu tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile virija vyembamba katikati, vyenye mdomo mweupe. Sasa majani ya kijani yaliyobaki kwenye tawi ndiyo yanayopoteza maji upesi, basi yapukutishe yote, kisha zamisha tawi zima kwenye beseni kwa saa moja. Litasimama.

Shina linalotoa utomvu mweupe, lichome ncha kwa moto wa kiberiti sekunde chache. Oleanda ina sumu kila mahali, kuanzia jani hadi utomvu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, usiiingize.

Hatua ya 4: Rangi

Chagua rangi moja kuu, ndugu yake, na ya tatu kidogo ya kuzichokoza. Kwa mfano: mawaridi mekundu ya Arusha, bogenvilia ya zambarau, na masuke ya mtama ya kahawia.

Hatua ya 5: Kupanga

Anza na majani na matawi. Jenga umbo lililoegemea upande mmoja: tawi refu likipanda kushoto, jingine lishuke kulia chini ya ukingo wa bakuli. Usisawazishe.

Kisha maua makubwa, na haya yakae chini, karibu na mdomo. Alizeti ndogo lizamishe mpaka shingo iguse waya. Moja ligeuze lionyeshe kisogo, maana vijani vya kijani vya nyuma vina rangi ambayo uso wa ua hauna. Maua ya wastani yafuate, mengine ndani zaidi, mengine yakitokeza, ili kivuli kipate pa kuingia. Mwisho chomeka vyepesi: uwele, nyasi za barabarani, chipukizi la mzabibu lenye vikono vyake.

Changanya umri. Weka ua ambalo bado ni tumba, lililofunguka, na linaloanza kuchoka. Petali ikidondoka mezani iache. Kisha ondoa vitu viwili vitatu, maana karibu kila mara tunazidisha.

Hibiskasi ndiyo ya mwisho kabisa, saa chache kabla ya wageni. Ua lake huishi siku moja, liwe majini au lisiwe.

Hatua ya 6: Mwanga

Dirisha moja upande, taa ya dari izimwe. Nyuma tundika kitenge cha rangi ya kiza au ubao mweusi. Ukitaka tunda pembeni, weka kichala cha zabibu. Ndizi na maembe yaliyoiva hutoa gesi inayozeesha maua.

Hatua ya 7: Kutunza

Hewa ya kiangazi hapa hunywa maji upesi, na bakuli ni la kina kifupi, hivyo ongeza asubuhi na jioni. Kila siku ya pili mwaga yote, weka mapya, kwa lita moja tia kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya Jik. Ua likifa lichomoe peke yake. Masuke na vijiti vibaki kwa mpangilio ujao.