Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Nilikuwa karani wa mapokezi hapa Dar, siku hizi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Wanaotaka kuhama fani huja kwangu na swali moja: "Dada, nikasomee nini?" Nawaambia waanze na jingine: nani anaifanya kazi hiyo leo, na atakubali nishinde naye siku kadhaa?

Mtafute huyo mtu. Usimwombe ushauri, mwombe umbebee boksi la vifaa. Aliyenifundisha mimi alinianzisha na gesi inayovuja: unapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, unachuchumaa hapo juani na kutazama kila kiungio mpaka viputo vijitokeze. Ukikosea kiungio, gesi utakayojaza itaishia hewani na mteja atakupigia simu kesho yake. Mimi kazi hiyo ya subira niliipenda mno. Mwenzangu tuliyeanza naye haikumkaa, akahamia kuuza vipuri, na anaendelea vizuri kabisa. Wote wawili tulisaidiwa.

Habari za pesa ziulize bila haya, ila uliza kwa mwezi. Siku moja nzuri hudanganya watu. Kwetu Juni hadi Agosti jiji linapopoa simu hupungua, halafu kuanzia Desemba joto likipanda hatupumziki. Basi uliza: mwezi mbaya unaingiza kiasi gani? Wateja gani wanachelewesha malipo? Gesi inanunuliwa na nani? Vifaa vya kuanzia ulivipataje?

Ukiona bado unaitaka, nenda mwenyewe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, usiishie kusoma tangazo. Ulizia kozi za muda mfupi na ratiba zake, maana kama bado umeajiriwa muda ndio utakaokubana. Ulizia pia urasimishaji wa ujuzi. Huo ni wa waliojifunzia kazini: unapimwa unachokijua, unajazia pale unapopungukiwa, unapata cheti. Mtu aliyekulia gereji halazimiki kuanza moja darasani, na inaniuma kuona wengi hawalijui hilo.

Kwa kazi za ofisini kuna Kitengo cha Huduma za Ajira cha serikali (TaESU, zamani TaESA), wanaounganisha watu na waajiri na kutoa ushauri. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake ya Ajira Portal. Wakala wa mtaani anayekudai pesa kabla ya usaili, achana naye.

Barua sasa. Ukilipwa kwa mwezi, taarifa ya kuacha kazi isipungue siku 28, na soma mkataba wako kwanza, huenda unataka zaidi. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Na hili shika sana: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira, lakini halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo usilihesabu kwenye bajeti, weka akiba wakati mshahara bado unaingia.

Mwenzako wa nyumbani ajue kabla ya bosi. Kaeni na daftari, andikeni kodi, ada, chakula na nauli za kipindi chote cha kujifunza, mkubaliane nani atabeba nini.