Namna ya Kupima na Kujenga Utimamu wa Mwili wa Mwanasoka Kiziwi

Moyo, mapafu na misuli ya mchezaji kiziwi havidhoofiki kwa sababu ya kutosikia. Iwapo matokeo yake ya mazoezi ni duni, kocha achunguze kwanza kipimo alichotumia, kwa kuwa vipimo vingi vya soka vimetungwa kwa ajili ya watu wanaosikia.

Chukua mfano wa kipimo cha pumzi cha mita 20, ambapo wachezaji hukimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio unaoharakishwa kila dakika. Kiziwi akipimwa hivyo hulazimika kuwatazama wenzake ili ajue wakati wa kuondoka, kwa hiyo huchelewa kila mzunguko na hutolewa kabla hajachoka. Dawa yake ni rahisi. Weka wasaidizi wawili, mmoja kila upande, nyuma kidogo ya mstari, ili mchezaji awe na kibendera mbele yake kila anapokimbia. Kila msaidizi avae kisikilizio cha simu yenye mlio huo na ashushe kibendera mara tu mlio unapotoka. Kwa mwendo wa kuanzia wa kilomita 8.5 kwa saa, mita 20 huchukua takriban sekunde 8.5, na dakika inayofuata, mwendo ukifika kilomita 9, huchukua sekunde 8. Fanyeni mizunguko michache ya majaribio kwanza, na maelezo yote yatolewe kwa lugha ya alama kabla mtu hajaanza kukimbia, kwani anayekimbia hawezi kufuata maelezo ya mikono.

Kasi ya mita 10 na 30 ipimwe kwa kumwacha mchezaji aondoke mwenyewe, saa ianze mguu wake wa nyuma unapoinuka. Mruko wa juu hauna shida: chaki na ukuta vinatosha.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni msawazo wa mwili. Ndani ya sikio, jirani kabisa na kiungo cha kusikia, kuna mifereji mitatu ya nusu duara inayoujulisha ubongo kuwa kichwa kinageuka. Ugonjwa kama homa ya uti wa mgongo, au dawa kama streptomycin na gentamicin, unaweza kuharibu viungo vyote viwili kwa pamoja. Si kila kiziwi ana tatizo hili, ndiyo maana lazima kila mmoja apimwe peke yake. Mchezaji avue viatu, ashike kiuno, asimame kwa mguu mmoja macho yakiwa wazi, kisha arudie akiwa amefumba macho huku msaidizi akiwa karibu kumdaka. Anayesimama imara akiona, lakini akayumba mara tu anapofumba macho, anategemea sana macho yake kujisawazisha. Mchezaji wa namna hiyo asifanyishwe mazoezi jioni kiza kikiingia, kwa maana gizani hupoteza msawazo na mawasiliano kwa wakati mmoja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu timu nyingi hufanya mazoezi baada ya saa za kazi.

Msawazo hujengeka. Tenga dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki, mara tu baada ya kupasha misuli moto: kusimama kwa mguu mmoja huku akirudisha pasi, kutembea juu ya mstari akigeuza kichwa kushoto na kulia, kuruka na kutua kwa mguu mmoja goti likiwa limekunjwa kidogo, na kugeuka ghafla akiwa na mpira. Uongeze ugumu hatua kwa hatua, wala usianze na macho yaliyofumbwa.

Kwa kuwa hatasikia mwenzake akimwonya kuwa adui yuko mgongoni, mfundishe kutazama nyuma kabla ya kupokea mpira. Simama nyuma yake, inua vidole kadhaa wakati pasi ikiwa njiani, naye aonyeshe idadi kwa mkono huku akituliza mpira. Zoezi hili linachosha kuliko linavyoonekana, hivyo lihesabiwe katika mzigo wa siku.

Katika mashindano ya kimataifa ya viziwi, yakiwemo Deaflympics yaliyoanza Paris mwaka 1924, mchezaji hukubaliwa akiwa amepoteza usikivu wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 55 au zaidi katika sikio lililo bora, na vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa uwanjani. Anayevitumia kila siku azoee kucheza bila hivyo mapema. Aliyepandikizwa kifaa sikioni apate ushauri wa daktari kabla ya kupiga mpira kwa kichwa. Refa hupuliza filimbi na kuinua kibendera, lakini asiyekiona huendelea kukaba kwa nguvu zote na kumuumiza aliyekwisha kusimama. Wazoesheni wachezaji wote, wanaosikia na wasiosikia, kuinua mkono mchezo unaposimamishwa.

Rudia vipimo baada ya wiki nane, kwenye uwanja uleule, saa zilezile na kwa kibendera kilekile, kwa sababu kubadili ishara hubadili matokeo hata kama mwili wa mchezaji haujabadilika.