Sensa ya maji inadanganya? Anza na ukuta wa tangi

Kabla hujaitupa sensa ya kapasitansi (kihisi cha kiwango cha maji kinachobandikwa nje ya tangi) inayosema tangi limejaa wakati maji yako chini kabisa, chunguza pale ilipobandikwa. Sensa hii haioni maji. Inapima jinsi kitu kilicho mbele yake kinavyosaidia kuhifadhi chaji: hewa ni karibu 1, mafuta mengi 2 hadi 3, maji karibu 80. Kwa tofauti kubwa hivyo, hata utando mwembamba wa maji uliong'ang'ania ukutani unaweza kuichanganya.

Futa ukuta kwa ndani kwa kitambaa kikavu. Ikizima papo hapo, sensa ni nzima. Sugua magamba ya chumvi, kisha punguza usikivu kwa kile kiskrubu kidogo cha kwenye sensa, kidogo kidogo, tangi likiwa tupu lakini bado limelowa. Wengi hurekebisha tangi likiwa kavu, ndiyo maana kesho yake inawageuka.

Isipotambua maji kabisa, tazama gundi: kiputo cha hewa kati ya sensa na plastiki kinakula usikivu. Tangi la chuma? Kwa kubandika nje, sahau.

Halafu sogeza kiganja karibu na waya wa sensa. Usomaji wake ukicheza, waya nao umegeuka sensa. Ufupishe, uuweke mbali na waya wa pampu, na uhakikishe saketi ina ethi (waya unaoiunganisha na ardhi). Mimi nilipoteza siku nzima nikibadilisha sensa, kumbe shida ilikuwa chaja ya simu niliyoitumia kuipa umeme, isiyo na ethi.