Safari ya Siku Moja kwa Boti kutoka Kigoma hadi Gombe

Hifadhi ya Taifa Gombe haifikiwi kwa barabara. Njia yake ni Ziwa Tanganyika, kwa hiyo matembezi yenu yataanzia ufukweni. Boti za abiria zinazopakia Kibirizi, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Kigoma, ni nafuu, lakini ratiba zake hazimfai mtu anayetaka kurudi siku hiyohiyo, na ndiyo maana nashauri watu wanne au watano wachangie boti ya kukodi. Kabla ya kuondoka alfajiri, kila mmoja avae jaketi okozi na kukaza kamba zake, hata kama ziwa limetulia kabisa, maana upepo hubadilika ghafla. Mwombeni nahodha apite karibu na ukingo, mpate kuona dagaa walioanikwa mchangani na ndege wanaowanyemelea.

Gombe, ambako mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza kuwatafiti sokwe mtu mwaka 1960, mtatembea na mwongozaji. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni afya: sokwe huambukizwa maradhi yetu ya njia ya hewa na wengine hufa, hivyo mwenye mafua au kikohozi abaki mjini, hata kama amekwisha kulipa. Msile mbele yao, na sokwe akishuka njiani, mpisheni kimya. Vilima ni vikali; vaeni viatu vyenye meno. Chakula kifungieni ndani ya begi, kwani nyani wa ufukweni humpokonya mtu ndizi mkononi. Miezi ya kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia huwa hazina utelezi.